Nusukaputi: Historia ya Usingizi wa Upasuaji na Usalama wa Mgonjwa Kaskazini mwa Ziwa Tanganyika

1. Utangulizi

Wachunguzi wa Kiswahili wamezoea kuyatazama maneno ya mkopo kama mashahidi wa biashara, wa dini na wa utawala. Ni mara chache maneno hayo huitwa kutoa ushahidi juu ya chumba cha upasuaji. Hata hivyo, limo katika kamusi zetu neno moja ambalo peke yake ni sura nzima ya historia hiyo: nusukaputi, yaani dawa ya kumlaza mgonjwa ili apasuliwe bila kuhisi maumivu. Sehemu yake ya kwanza ilitoka katika Kiarabu, nayo imekaa katika lugha yetu muda mrefu kiasi kwamba hakuna anayeiona kuwa ngeni. Sehemu ya pili ni ya Kijerumani, kaputt, linalosemwa juu ya kitu kilichovunjika au kuharibika. Basi anayepewa nusukaputi ni mtu aliyeharibika nusu, aliyekwenda nusu ya njia na ambaye hatuna budi kumrudisha.

Makala haya yana shabaha mbili. Kwanza, tutafuata kwa ufupi historia ya usingizi wa upasuaji katika eneo la Uvira na pwani ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, tukiiunganisha na historia ya nchi jirani na ya dunia. Pili, tutajaribu kuonyesha kwamba usalama wa mgonjwa anayepasuliwa umeegemea siku zote nguzo mbili: dawa pamoja na vyombo vyake, na maneno yanayopita kati ya mgonjwa na yule anayemlaza. Nguzo ya kwanza ni ya waganga. Ya pili inatuhusu sisi tunaofundisha na kujifunza lugha, na hatuwezi kuwaachia wengine mzigo huo.

2. Kabla ya klorofomu

Yafaa tuanze kwa kuondoa dhana kwamba upasuaji uliletwa katika nchi za Maziwa Makuu na Wazungu. Mwaka 1879, mganga Mwingereza Robert Felkin alishuhudia huko Kahura, katika nchi inayoitwa Uganda leo, mwanamke akipasuliwa tumbo ili mtoto atolewe. Alichapisha habari hizo huko Edinburgh mwaka 1884. Kwa maelezo yake, mama yule alinyweshwa pombe ya ndizi mpaka akalewa nusu. Mpasuaji aliosha mikono yake na tumbo la mgonjwa kwa pombe hiyohiyo, kisha kwa maji. Mishipa iliyovuja damu ilichomwa kwa chuma cha moto, na jeraha likafungwa kwa pini saba nyembamba za chuma. Felkin alipoondoka siku ya kumi na moja, jeraha lilikuwa limefunga na mama yu mzima.

Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa hapa. La kwanza ni kuosha mikono. Joseph Lister alikuwa ametangaza mafunzo yake juu ya kuua vijidudu vya jeraha mwaka 1867 tu, na katika hospitali nyingi za Ulaya mafunzo hayo yalikuwa bado yanabishaniwa. La pili ni kiasi cha ulevi. Felkin anasema mgonjwa alilewa nusu, hakulewa kabisa. Wapasuaji wale walijua kwamba anayelazwa kupita kiasi haamki.

Ulaya na Marekani zilijifunza somo hilohilo kwa gharama. Tarehe 16 Oktoba 1846, William Morton alionyesha mbele ya madaktari wa Boston jinsi mvuke wa etha unavyomlaza mgonjwa. Novemba 1847, James Young Simpson wa Edinburgh alianza kutumia klorofomu, iliyopendwa kwa sababu ilikuwa nyepesi kubeba na ya haraka kulaza. Haikupita hata miezi mitatu kabla ya kifo cha kwanza kuandikwa. Tarehe 28 Januari 1848, kaskazini mwa Uingereza, Hannah Greener, msichana wa miaka 15, alipewa klorofomu ili ang'olewe ukucha wa kidole cha mguu, naye akafa papo hapo. Hakufa kwa ugonjwa, wala kwa kisu. Alikufa kwa usingizi wenyewe. Tangu siku hiyo dunia imejua kwamba anayempa mgonjwa usingizi anabeba dhamana iliyo mbali na ile ya mpasuaji.

3. Mto Ruzizi kama mpaka wa maneno

Kiswahili kilifika Uvira kabla ya hospitali. Burton na Speke walipofika huko mwaka 1858, walikuta mahali panapojulikana na wafanyabiashara wa Ujiji waliotafuta pembe za ndovu na watumwa. Lugha ya mitumbwi ndiyo iliyokuja kuwa lugha ya soko, kisha ya shule na ya kanisa, ikiishi pamoja na Kivira, Kifuliiru na Kibembe.

Mwishoni mwa karne ya 19, ncha ya kaskazini ya ziwa iligawanywa. Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, ikawa kituo cha Wajerumani. Ng'ambo yake, Uvira ikawa chini ya Dola Huru ya Kongo, na kuanzia 1908 chini ya Ubelgiji. Upande wa Wajerumani, jeshi lilikuwa na askari Waafrika wanaosema Kiswahili na madaktari wanaosema Kijerumani. Ni katika mazingira kama hayo, kwa kadiri tunavyoweza kufikiri, kwamba askari na watumishi wa hospitali walichukua neno walilozoea kulisikia juu ya chombo kilichovunjika, wakalitia nusu mbele yake, na kumpa jina mtu aliyelala chini ya klorofomu. Shule na hela, ambayo pia ni maneno ya Kijerumani, yalitoka kwa mwalimu na kwa mtoza kodi. Nusukaputi halielekei kutoka kwa mkubwa yeyote. Lina harufu ya mzaha wa kambini, na mzaha wa namna hiyo mara nyingi huficha hofu.

Juni 1916 Wabelgiji waliiteka Usumbura, na tangu hapo pwani zote mbili zikawa chini ya mtawala mmoja hadi uhuru wa Kongo mwaka 1960 na wa Burundi mwaka 1962. Neno nusukaputi liliendelea na safari yake upande wa mashariki, likaingia katika Kiswahili sanifu. Upande wetu wa magharibi halikushika mizizi. Watu wa Uvira husema kwamba mgonjwa "analalishwa" au "amepewa dawa ya kulala", na habari ya upasuaji husimuliwa kwa kitenzi kimoja: balimupasula. Hivyo msomaji wa kamusi sanifu na mama wa Kalundu hawana jina moja kwa jambo ambalo linaweza kumwondolea kila mmoja wao uhai.

Tuongeze kwamba kitenzi lala kilikuwa na kivuli kizito katika pwani hizi. Mwanzoni mwa karne ya 20, malale yalishambulia wakazi wa ziwa pande zote mbili, na vijiji vizima vilihama. Watu waliomwona ndugu yao akisinzia hadi kufa hawangeweza kuipokea dawa ya kulala kwa moyo mwepesi. Tunapodai kwamba wagonjwa wa zamani waliogopa upasuaji kwa ujinga, tunasahau historia hiyo.

4. Kutoka misheni hadi Lemera

Kuanzia mwaka 1921, wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden walianza kazi katika eneo la Uvira. Kwa mkono wa misheni hiyo, hospitali ya Lemera ilikua katika milima inayotazama bonde la Ruzizi, na kwa miaka mingi ilikuwa tegemeo la wakazi wa uwanda na wa milima.

Utawala wa Kibelgiji ulifundisha wauguzi na wasaidizi wa tiba kwa wingi, lakini mlango wa udaktari ulichelewa kufunguliwa. Tarehe 30 Juni 1960, Kongo ilipata uhuru ikiwa haina hata daktari mmoja Mkongo aliyehitimu chuo kikuu. Maana yake kwa upasuaji ni rahisi kueleza. Daktari mgeni alipoondoka, kisu na dawa ya usingizi vilibaki mikononi mwa wauguzi waliojifunza kwa kutazama. Miaka minne baadaye, Mei 1964, waasi waliiteka Uvira. Mwaka 1965, kusini zaidi katika nchi ya Fizi, Wakuba walikuja kuwaunga mkono waasi hao wakijiita kwa hesabu za Kiswahili. Ernesto Guevara, ambaye mwenyewe alisomea udaktari, aliitwa Tatu, na daktari wa kundi lao aliitwa Kumi. Hapo neno dawa lilibeba maana mbili kwa wakati mmoja: ile ya sanduku la daktari, na ile ya maji ambayo wapiganaji waliamini kwamba yangewakinga na risasi.

Katika miaka hiyohiyo ilizaliwa dawa iliyobadili kazi ya usingizi katika hospitali maskini. Ketamini iliundwa mwaka 1962, ikajaribiwa kwa binadamu mwaka 1964, na kuruhusiwa Marekani mwaka 1970. Sifa yake kubwa ni kwamba mgonjwa kwa kawaida huendelea kupumua mwenyewe, na mpigo wa damu haushuki kwa urahisi. Hospitali isiyo na mashine, isiyo na oksijeni ya kutosha na yenye umeme wa kubahatisha inaweza kuitumia. Lakini ketamini humletea mgonjwa njozi wakati wa kuamka: huweza kusema ovyo, kupiga kelele, kuona watu wasiokuwapo. Asipoelezwa mapema, yeye na jamaa zake watalitafutia jambo hilo sababu nyingine.

Mwaka 1983, Denis Mukwege, aliyehitimu udaktari huko Bujumbura, alianza kazi Lemera. Alikusudia kuwa daktari wa watoto. Alichokiona kilimgeuza: akina mama waliofika wamechelewa, wametembea au kubebwa milimani, wengine wakivuja damu, wengine wakiwa wamejeruhiwa na uzazi wenyewe. Alikwenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi, akarudi Lemera mwaka 1989. Historia ya Lemera inatufundisha kwamba usalama wa upasuaji hauanzii mlangoni mwa chumba cha kupasulia. Unaanzia njiani, katika saa zinazopita kati ya uchungu wa kwanza na mkono wa kwanza unaojua kazi.

5. Tarehe 6 Oktoba 1996

Usiku wa tarehe 6 Oktoba 1996, hospitali ya Lemera ilishambuliwa. Zaidi ya watu 30 waliuawa. Wagonjwa waliuawa vitandani mwao, na wauguzi pamoja nao. Mukwege hakuwapo usiku huo, naye akapona. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi huko Bukavu, na alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad, hotuba yake ilianza na usiku ule wa Lemera.

Huenda msomaji akauliza tukio la vita lina uhusiano gani na makala juu ya usingizi. Uhusiano upo. Aliyelazwa kwa dawa, au aliyetoka kupasuliwa jana, ni mtu asiyeweza kukimbia, kujitetea, wala kusema jina lake. Amekabidhi mwili wake kwa wengine kwa mkataba usioandikwa: nitalala, nanyi mtakesha. Sheria za vita na sheria za hospitali zina chimbuko moja katika mkataba huo. Ulipovunjwa Lemera, hofu haikubaki Lemera. Hospitali ambayo watu wanaiogopa hufikiwa usiku, tena kwa kuchelewa, na kuchelewa huko nako huua.

6. Orodha ya mwaka 2008 na mitego ya lugha

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji. Ina mambo 19 yaliyogawanywa katika vituo vitatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya ngozi kukatwa, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Ilijaribiwa katika miji minane ya dunia, mmojawapo Ifakara nchini Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha kwamba vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Hata hivyo, uchunguzi uliofanywa katika hospitali 101 za Ontario, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2014, haukuona nafuu ya maana baada ya orodha hiyo kuamriwa. Wengi walieleza tofauti hiyo hivi: karatasi inaweza kujazwa alama bila watu kuzungumza.

Kwa Afrika, jambo hili si la anasa. Uchunguzi wa hospitali 247 katika nchi 25 za bara letu, uliochapishwa mwaka 2018, uliwafuata wagonjwa zaidi ya 11,000. Ingawa walikuwa vijana zaidi na wenye afya kuliko wagonjwa wa kwingineko, asilimia 2.1 walifariki, mara mbili ya wastani wa dunia. Sehemu kubwa sana ya vifo hivyo ilitokea baada ya upasuaji, wakati mgonjwa amerudishwa kitandani na macho ya kumwangalia ni machache.

Jambo la kwanza kabisa katika orodha ni kwamba mgonjwa athibitishe kwa kinywa chake yeye ni nani, atapasuliwa wapi, atafanyiwa nini, na kwamba ameridhia. Hati za hospitali zetu zimeandikwa kwa Kifaransa. Kinywa cha mgonjwa kinasema Kiswahili. Kati ya hayo mawili kuna mitego ambayo mwanaisimu huiona upesi. Tutaje mitano.

Mtego wa kwanza ni majina ya viungo. Katika Kiswahili, mguu ni kuanzia nyonga hadi unyayo, mkono ni kuanzia bega hadi vidole, na kidole ni cha mkono au cha mguu. Aliyekubali "kukatwa mguu" huenda amekubali kupoteza unyayo tu. Vivyo hivyo tumbo ni mahali pa chakula, ni tumbo la uzazi, na mara nyingine ni mimba yenyewe.

Mtego wa pili ni kufunga. Mgonjwa asiyefunga anaweza kutapika akiwa usingizini, na matapishi yakaingia mapafuni. Curtis Mendelson alieleza hatari hiyo kwa wazazi mwaka 1946. Muuguzi husema: "Usile kitu." Lakini uji hauliwi, hunywewa. Mama aliyekunywa kikombe cha uji alfajiri ataapa kwa ukweli kabisa kwamba hajala.

Mtego wa tatu ni saa. Saa sita ya Kiswahili na saa sita ya Kifaransa zimeachana kwa muda wa robo ya siku. Katika mji ambao hesabu zote mbili zinatumika, amri ya kufunga tangu saa fulani haitoshi mpaka isemwe: tangu usiku wa manane, au tangu jua kuchwa.

Mtego wa nne ni kitenzi kulazwa. Anayelazwa hospitalini amepewa kitanda. Anayelazwa kwa dawa amepewa usingizi. Jamaa wanaoambiwa "atalazwa kesho" wanaweza kuleta mkeka na sufuria kumbe wangepaswa kutafutwa watoe ridhaa na damu.

Mtego wa tano ni ganzi na usingizi. Siku hizi upasuaji mwingi wa uzazi hufanywa kwa sindano ya uti wa mgongo: mama hubaki macho, sehemu ya chini ya mwili ikiwa imekufa ganzi. Akiahidiwa "dawa ya kulala", kisha akajikuta anasikia sauti za vyombo na mivuto tumboni, ataamini kwamba dawa imeshindwa. Hofu yake itamsumbua yeye, na itamsumbua anayempasua.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba historia ya usingizi wa upasuaji kaskazini mwa Ziwa Tanganyika haikuwa mstari ulionyooka kutoka giza kwenda nuru. Wapasuaji wa Kahura waliosha mikono. Edinburgh ilituma dawa iliyoua. Misheni zilijenga, vita vikabomoa. Ketamini iliziba pengo ambalo shule za tiba hazikuliziba kwa wakati. Katika kila hatua, mgonjwa alimtegemea mtu wa kukesha na mtu wa kusema naye.

Orodha ya mwaka 2008 yenyewe inahimiza kila mahali pairekebishe kulingana na hali yake. Hiyo ni ruhusa, na idara za Kiswahili zaweza kuitumia. Tunapendekeza wanafunzi wa lugha na wale wa taasisi za ufundi wa tiba waandae pamoja maswali ya Kiswahili ya kumwuliza mgonjwa kabla hajalazwa, yaliyojaribiwa kwa wazungumzaji wa Uvira, wa uwanda wa Ruzizi na wa Fizi: Jina lako nani? Tuonyeshe kwa kidole mahali tutakapopasua. Tangu jua kuchwa umekula au kunywa nini, hata uji, hata chai? Umeambiwa utalala, au utakufa ganzi ukiwa macho? Kazi hiyo haihitaji mashine wala fedha nyingi. Inahitaji subira na sikio.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Katika chumba cha upasuaji, kuuliza ni sehemu ya dawa, nayo haina budi kutolewa mgonjwa akiwa bado anaweza kujibu.